Jirani Anayekunywa Chini Yetu



Katika sura ya 34 ya kitabu chake, nabii Ezekieli anasema habari za kondoo wenye nguvu waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu, hata wenzao wakabaki kunywa tope. Neno hilo latuhusu sisi wa Kericho na Bomet, maana sisi ndio tunaokunywa kwanza. Mito ya Itare na Kipsonoi hutoka katika msitu wa Mau, hupita katika nchi yetu ya chai, hukutana ikawa mto Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria kule Nyakach.

Je, twayachafua maji kwa nini? Si kwa udongo tu. Betri ya gari iliyopasuliwa nyuma ya gereji ina risasi. Betri za tochi zina zinki. Rangi nyingi za zamani zina risasi, na mbolea nyingi za fosfeti huwa na kadimiamu kidogo. Mvua ikinyesha, hivyo vyote huteremka bondeni. Wataalamu huziita metali nzito. Jani likianguka mtoni huoza likaisha, lakini risasi haiozi. Hulala katika tope, wadudu wakaila, na samaki akawala wadudu.

Samaki hupumua kwa matamvua yake. Shaba na zinki zikizidi huyaharibu, naye akakosa pumzi angali majini. Hata shaba kidogo yaweza kumpunguzia uwezo wa kunusa, asitambue chakula wala adui. Samaki wachanga ndio huumia upesi. Tena katika maji yenye chokaa kidogo, sumu hizo huwa kali zaidi. Nayo zebaki huongezeka kila samaki mkubwa amlapo mdogo, mpaka ifike mezani kwa mtu. Ndivyo walivyougua watu wa Minamata, Japani, ambao ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956.

Hata jirani zetu wa Uganda wameona jambo hili. Huko Kilembe, wilaya ya Kasese, shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982. Mgodi ulifungwa, lakini mabaki yake yalibaki kando ya mto Nyamwamba, na miaka mingi baadaye shaba na kobalti zimeendelea kuteremka kuelekea Ziwa George. Kazi ilikoma, uchafu haukukoma.

Sasa tumfikiri ningu. Mvua zikija, samaki huyu hutoka ziwani akapanda mtoni kutaga mayai. Amepungua sana, hasa kwa sababu ya nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito. Je, yule aliyeponyoka wavu tumpokee kwa sumu?

Samaki huyo ni kitoweo cha jirani yetu wa Nyakach. Twajua kwamba pale Sondu, mpakani, watu wamewahi kugombana hata damu ikamwagika. Tumeomba amani mara nyingi, na tumefanya vyema. Lakini mto haujui mpaka, na kila siku wampelekea jirani kitu kutoka mikononi mwetu. Hatuwezi kumwombea asubuhi na jioni tukamwagia risasi katika sufuria yake.

Basi, betri kuukuu tumrudishie aliyetuuzia, wala tusiimwage asidi yake mtaroni. Miti na majani ya ukingoni tuyaache yazuie udongo. Wenye gereji wengi ni ndugu zetu kanisani, basi tuseme nao kwa upole. Na wazee wetu waanze kwa kuutazama mtaro unaotoka katika uwanja wa kanisa lenyewe.

Tukinywa kwanza, tukumbuke kwamba yuko anayekunywa baada yetu. Mungu atusaidie tumpelekee maji tunayoweza kuyanywa sisi wenyewe. Amina.