Mafuta ya Hoima Yakitazamwa Kutoka Angani

Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linaingia nchini kupitia wenzetu wa Missenyi. Sasa, sisi linatuhusu nini?

Tuanze na picha. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita kila baada ya siku chache, na picha zake ni za bure, hata kwenye simu. Ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, Uganda, utaona viwanja vya visima vya Tilenga, mradi wa mafuta wa kulisha bomba hilo: udongo mtupu wa pembe nne, na barabara zilizopasua nyika. Sisi wenye hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe tunajua hasara ya pori kukatwa hivyo.

Kwa upande wa pili, wenye mradi wanasema ajira zipo, na bomba likishafukiwa majani yataota tena. Hilo nalo litaonekana, mawingu ya kwetu yakiruhusu! Ila setilaiti haioni fidia ya mibuni na migomba iliyong'olewa, wala uvujaji mdogo chini ya ardhi.

Swali, basi: picha zikionyesha kasoro, mwanakijiji azipeleke ofisi gani ili asikilizwe?