Mbegu Iliyolipa Deni la Nyumba

Kwa Waswahili, nyanya ni tunda la mchuzi na pia ni mama wa mzazi. Jina hilo linazifaa hasa nyanya za asili, ambazo mbegu zake hurithiwa kizazi hadi kizazi.

Nchini Marekani, fundi wa rejeta aliyeitwa M. C. Byles alikuwa na karakana huko Logan, West Virginia, chini ya mlima mkali ambako malori yalikuwa yakichemka. Kilimo hakukisomea. Katika miaka ya 1930 alipanda mnyanya mmoja katikati ya duara la minyanya kumi, akauchavusha kwa chavua ya ile kumi, na kila mwaka akateua miche bora na kurudia kazi hiyo. Hatimaye aliuza mche mmoja kwa dola 1, bei ya juu kwa wakati ule. Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika miaka sita alimaliza deni la nyumba la dola 6,000. Aina hiyo ingali ikiitwa Mortgage Lifter, yaani mwondoa rehani.

Mbegu za nyanya chotara hazimrudishi mama aliyezizaa. Za asili humrudisha. Udhaifu wake ni kwamba nyingi hazistahimili magonjwa, hivyo mbegu zichukuliwe kwenye mmea wenye afya, tunda likiwa limeiva sana. Zikamuliwe pamoja na ute wake katika bilauri, zichachuke siku mbili tatu, kisha zisuuzwe na kuanikwa kivulini juu ya sahani, wala si juu ya karatasi, kwani hung'ang'ania. Zikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi, huota hata baada ya miaka minne.