Maji Yatokayo Pamoja na Mafuta



Kisima cha mafuta au gesi hutoa pia maji ya chumvi yaliyokaa ndani ya miamba tangu dahari. Maji hayo huweza kuchukua radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Radiamu iliyoyeyuka majini haionekani wala hainuki, na kuyachemsha maji hakuiondoi.

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, maji hayo yalisafishwa kiwandani, kisha yakamwagwa katika kijito cha Blacklick. Usafishaji uliondoa sehemu kubwa ya radiamu. Hata hivyo, mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza kuwa tope la mahali pa kumwagia lilikuwa na radiamu kiasi cha mara 200 kuliko tope la upande wa juu wa kijito. Haba na haba hujaza kibaba. Nayo radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Wakaazi wa Unguja na Pemba hutegemea zaidi maji ya ardhini, na mkataba wa kutafuta mafuta na gesi Zanzibar ulitiwa saini Oktoba 2018. Ni wajibu, basi, kila mpango wa uchimbaji uoneshe mapema pahala yatakapopelekwa maji machafu, na nani atakayeyapima.