Kabla ya Kufungua Sanduku



Leo naomba ruhusa yenu niwasimulie habari ya gari. Najua wapo watakaonong'ona kwamba Padre amekosa la kusema hata ameingia gereji. Na wanong'one. Habari yenyewe inanihusu mimi, tena si kwa sifa, nami nimeibeba moyoni tangu mwaka 1998.

Mwaka ule nilikuwa nikihudumia vigango vya upande wa Kwashemshi, katika wilaya ya Korogwe. Wanaopafahamu wanajua kwamba chini ni mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka hata jicho linachoka kuifuata, na juu yake imesimama milima ya Usambara. Njia ya kupanda kwenda Dindira, na kutoka huko hadi hospitali ya Bumbuli, wakati ule ilikuwa ya udongo mwekundu, kona juu ya kona. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimeikwangua njia hiyo mpaka mawe yakatokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Gari letu lilikuwa Land Rover 110 kuukuu, iliyokwisha kubeba mahindi, saruji, wanakwaya, maiti na maharusi, wakati mwingine katika wiki moja.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili tuliletewa mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Tukampakia pamoja na mkunga na nduguze wawili, dereva akashika usukani, nami nikaketi kando yake. Tulipofika kwenye mwinuko mkali, pakasikika mlio wa chuma kusaga chuma, kisha kimya cha ajabu: injini inanguruma, gia imeingia, lakini gari halisogei hata unyayo. Dereva alijaribu gia zote. Magurudumu yalikuwa kama yamesahau kwamba yana injini. Wanaume wa kitongoji cha jirani wakafunga kitanda kwenye miti miwili, wakambeba yule mama kwa zamu, mimi nikitangulia na tochi. Alijifungua salama kulipokucha, mtoto wa kike, kwa neema ya Mungu na kwa mabega ya watu wale.

Sikurudi na shukrani. Nilirudi na hasira. Dominika iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama mbele ya waamini nikasema kwamba gari lao limeharibiwa na uendeshaji wa kizembe, na kwamba tangu siku hiyo yule kijana si dereva wetu tena. Alikuwa ameketi benchi la nne, na mkewe. Sikuwa nimemwuliza neno lolote. Nilichokijua juu ya gari kilikuwa mahali pa kutilia dizeli.

Ukaja sasa wakati wa matengenezo. Baadhi ya wazee wa Halmashauri walitaka gari liuzwe kama chuma chakavu. Jumuiya Ndogondogo zikakataa; zikachanga, mwenye fedha fedha, mwenye kuku kuku, kwa kuwa akina mama wa vijiji vya juu hawakuwa na gari jingine la kuwateremsha wala kuwapandisha. Tukampata mzee mmoja, fundi makanika, aliyejifunza ufundi katika karakana ya shamba la mkonge, akitengeneza korona, zile mashine za kuchakata katani. Mzee huyo alikuwa Mwislamu. Adhana ya adhuhuri ilipolia aliacha spana zake juu ya gunia, akanawa, akaenda kusali, akarudi. Sijapata kuona mtu aliyefanya kazi polepole kiasi kile na kuimaliza upesi kiasi kile.

Lazima niwaeleze kidogo alichokuwa akikifungua. Nguvu ya injini hupokewa na giaboksi. Nyuma ya giaboksi kipo kisanduku kingine cha chuma ambacho mafundi hukiita transfa. Kazi yake ni kuigawa ile nguvu, nyingine iende magurudumu ya mbele, nyingine ya nyuma. Humo mna gia za mwendo wa kawaida na gia za nguvu, za kupandia mlima taratibu. Mna pia difu ya katikati, ambayo huwaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo kwenye kona. Penye tope dereva huifunga kwa mkono wa gia ndogo, yote yakavuta kwa pamoja. Kisanduku chenyewe ni kizito. Tulikishusha kwa jeki na watu watatu, na kwanza ilibidi kufungua shafti ya mbele, shafti ya nyuma na breki ya mkono.

Oili ilipomwagwa ilitoka kidogo, haikufika hata lita moja, ilhali transfa ile huhitaji kama lita mbili na nusu. Ilikuwa nyeusi, tena ilimetameta kwa unga wa chuma. Mzee akaniita.

"Padre, sogea uone. Usiogope kuchafuka."

Akanionyesha mambo mawili. La kwanza: mwisho wa shafti ya giaboksi huingia ndani ya gia ya kwanza ya transfa, nao umechongwa meno marefu ya kushikana na meno ya gia hiyo. Meno yale yalikuwa yameisha kabisa, pande zote mbili, na mahali pake palijaa vumbi jekundu, kavu, kama vumbi la barabara yetu. Nikasema kwa haraka kwamba basi ndivyo kijana alivyoendesha. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapa, Padre, oili haikufika tangu gari lilipotoka kiwandani. Upande huu sili inazuia oili ya giaboksi, upande huu oili ya transfa haipenyi. Chuma kinasuguana na chuma kikavu, miaka yote, mpaka kinageuka kutu. Hata malaika angeliendesha, siku moja lingesimama. Gia za namna mpya zimetobolewa vijitundu ili oili ipite. Tutatafuta ya namna hiyo."

La pili liliniuma zaidi. Transfa ina shafti ya katikati inayobeba gia kubwa iliyoungana, na shafti hiyo hukaa katika tundu la ganda lenyewe. Tundu lilikuwa limepanuka, ringi ya mpira imekatika, na hapo ndipo oili ilipokuwa ikivujia. Beringi zilikwisha kubadilika rangi kwa joto.

"Uvujaji huu si wa juzi," akasema mzee. "Dereva hakukwambia?"

Ndugu zangu, aliniambia. Aliniambia mara tatu. Mara ya kwanza kabla ya Noeli, nami nikajibu tutaangalia. Mara ya pili alinionyesha doa chini ya gari, nikamwambia afukie kwa mchanga, maana Askofu alikuwa anakuja. Mara ya tatu aliomba fedha ya oili ya gia, nikamwuliza kama anadhani Kanisa ni duka la mafuta. Mambo hayo nilikuwa nimeyasahau kabisa. Anayepuuza husahau upesi. Anayepuuzwa hukumbuka mpaka siku na saa. Makatekista wangu, ninyi mnaoletewa kila siku maneno madogo ya watu wadogo, hapo naomba mnisikilize vizuri: niliweza kumhukumu kijana yule kwa sauti kubwa kwa sababu sanduku lilikuwa bado limefungwa.

Kazi ilichukua siku tisa. Gia mpya na shafti mpya ya giaboksi zilitoka Dar es Salaam kwa basi. Tundu lililopanuka lilipelekwa Tanga likatiwa bushi. Beringi zote zikabadilishwa, na sili zote. Mzee alikataa katakata kurudisha hata ile moja iliyoonekana nzima. Kilichonishangaza zaidi ni nati ya shafti ya katikati. Ikilegea, gia hucheza na kugongana. Ikikazwa mno, beringi huungua. Mzee alizungusha uzi kwenye ile gia, akafunga ncha yake kwenye mizani ya ndoano, akavuta taratibu akisoma ni uzito gani unaoigeuza. Akakaza kidogo, akavuta tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Nilipomwuliza kama mkono wake wa miaka arobaini hautoshi, alinijibu kwamba mkono hujisifu, mizani haina haja ya kujisifu.

Dominika ile gari lilipopona nilisimama mahali palepale, wakati uleule wa matangazo. Nikawaeleza waamini habari ya vumbi jekundu, ya doa la oili na ya mchanga. Nikataja mara tatu zile. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya kumalizia, yakanitoka kichwani. Benchi la nne lilikuwa tupu. Kijana alikwisha rudi kwao Handeni kuchoma mkaa.

Siku ya Jumatatu nikamfuata, mimi mwenyewe nikiendesha, vibaya sana. Nilimkuta kando ya tanuri, uso umejaa masizi. Nikamwomba msamaha mbele ya mkewe, kwa kuwa mbele ya mkewe ndipo nilipomwaibisha. Hakunijibu mara moja. Aliangalia chini, kisha akaangalia gari, akauliza ni nani aliyelitengeneza. Nikamtajia mzee. Akachukua spana kutoka nyuma ya kiti, mahali alipoiacha mwenyewe, akalala chali mavumbini chini ya gari. Akafungua plagi ya juu ya transfa, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa kimelowa.

"Imejaa, Baba," akasema akiwa hukohuko chini. "Ila plagi haikukazwa vizuri. Nani aliifungua?"

Nilikuwa nimeifungua mimi, njiani, kuhakikisha.