Pumzi ni Amana: Aleji, Pumu na Saumu Yetu

(Mawaidha kwa vijana na familia, Malakisi)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.



Ramadhan ya 1447 (2026) inaangukia Februari na Machi. Kwetu Malakisi huo ndio mwisho wa kiangazi. Mashamba yanatayarishwa, mabua ya mahindi yanachomwa, na kila bodaboda ikipita inatuachia vumbi. Jioni jikoni kuna moshi wa kuni. Nyumbani tunafukiza udi, na msikitini tunasujudu juu ya mazulia yenye vumbi. Mwenye aleji anapiga chafya na pua inaziba. Mwenye pumu kifua kinabana. Na hapo tumefunga.

Wapo wanaoifungia inhela kabatini mwezi mzima wakidhani ndio ucha Mungu. Ndugu yangu, hebu tuelewane hapa.

Inhela ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuzuia, kama beclomethasone. Inatuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, na kwa kawaida hutumiwa mara mbili kwa siku. Haina ugomvi na saumu: vuta baada ya futari, vuta tena wakati wa daku, kisha sukutua mdomo uteme. Ukiiacha, kesho huenda usihisi kitu. Lakini uvimbe unarudi polepole, na kumi la mwisho linakukuta kitandani badala ya msikitini.

Ya pili ni ya kuokoa, yaani salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya buluu. Inafungua kifua kwa dakika chache. Hii haingoji adhana! Lakini usiitegemee peke yake. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol tu.

Mtauliza, je, inafunguza? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin walisema haifunguzi. Wengine, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, wanasema inafunguza kwa kuwa dawa inaingia ndani. Mimi ni mwanafunzi tu, si mufti. Muulize sheikh wako mapema, kabla kifua hakijabana. Lakini tazama jambo moja: hata ukifuata kauli ngumu zaidi, deni lako ni kulipa siku moja. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufunga siku nyingine. Siku hulipwa, pumzi hailipwi.

Kwa mwenye mafua ya aleji, cetirizine hunywewa mara moja kwa siku, basi inywe usiku. Piriton huleta usingizi. Anayeendesha bodaboda ajihadhari.

Na wachache wetu wanaolala na mashine ya kusukuma hewa, ile CPAP, pua ikiziba wanashawishika kuivua. Usiivue. Safisha pua kwa maji ya chumvi ya dukani kabla ya kulala, osha barakoa kwa sabuni, na badilisha kichujio mapema msimu wa vumbi. Ukishakula daku na kuswali, ukirudi kulala, ivae tena. Hewa si chakula.

Wazazi, mtoto akishindwa kuvuta inhela vizuri, toboeni chupa safi ya plastiki ya nusu lita chini yake, inhela iingie na kubana kabisa. Dawa inapulizwa ndani, mtoto anavuta mdomoni mwa chupa. Kina mama wapikie penye hewa. Vijana, tujitolee kutoa mazulia ya msikiti nje na kuyakung'uta, wenye pumu wakiwa mbali.

Ukimwona mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au inhela haisaidii, usimsomee tu dua. Mpeleke hospitali huku ukiomba, na aendelee kuvuta dawa njiani. Kumfunguza mtu huyo si dhambi. Kumwacha ndio msiba.

Mwili huu ni amana, na tutaulizwa. Allah atutakabalie saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atufikishe Idd tukiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.