Muziki ya nyumba: pima batri mbele ya kutazama bafle

Mazungumzo ya fundi mmoja wa radio, memba wa umoja wetu, nyuma ya mkutano wa mwezi hapa Masereka. Tumeandika vile alisema, tumetosha tu mahali alikuwa anarudilia.

Wamama, wababa, wakubwa wa komite, na nyinyi vijana mulioko kule karibu na mlango, wasingya. Prezida wetu aliniomba niseme kidogo juu ya namna ya kununua muziki ya nyumba kwa feza kidogo. Aliniomba vile sababu, tangu tugawanye feza ya AVEC, bafle nne zimepanda hapa toka Butembo. Mbili zimekwisha kufika juu ya meza yangu, tumbo wazi. Sitataja ni za nani. (Watu wanacheka.)

Musifikiri nimekuja kucheka mutu. Mimi mwenyewe nilianguka ndani ya ile shimo. Munajua nilikuwa kule chini, upande wa Mbau, tulifwata mashamba sawa watu wengi wa milima hii. Nilikuwa na ampli ya zamani na bafle mbili za mbao, moja inafika kwenye kifua cha mtoto. Mauaji yalipoanza 2014 tulitoka usiku, nikabeba mtoto na gunia moja. Niliporudi kutazama nyumba, mlango ulikuwako, muziki hapana. Hata waya ukutani walikuwa wamevuta.

Tulipofika hapa kwa wazee wetu, feza yangu ya kwanza ya AVEC nilinunua bafle moja yenye mataa mekundu na ya bluu. Kwa mbele iliandikwa wati 12 000. Mimi fundi, ninadanganywa na mataa! Niliiunga kwenye konvertisa, na konvertisa kwenye batri ile ile ya taa za nyumba. Kila usiku tulicheza paka batri inalia. Kisha miezi minne batri ikakufa, na ilikufa wakati mtoto wangu mukubwa alikuwa anajitayarisha kwa Examen d'État. Alisoma na kitara cha petroli majuma matatu, macho yanatoka machozi juu ya moshi. Alipita, Mungu asifiwe. Lakini hadi leo nikishika kifungo cha redio ananitazama kwanza.

Kwa hiyo leo nitaanza kwa batri, na bafle itangojea.

Kwanza ile namba ya mbele. Wati 12 000 kwa umeme wa volti 220 ni amperi zaidi ya 50. Hakuna waya ya bafle ya sokoni inaweza kubeba ile, na grupu ndogo ya kuwashia duka ingezimika palepale. Kando ya namba utaona herufi PMPO. Ile ni namba isiyo na kipimo watu wote wamepatana juu yake. Kila mwenye kiwanda anaandika vile roho yake inapenda. Ugeuze bafle, utazame kibandiko cha nyuma, pale penye waya ya umeme. Pale wanaandika wati ambazo inakula. Ile yangu ilikuwa inakula 60. Sasa niambieni, ng'ombe anayekula majani ya kikapu kimoja atatoa maziwa ya vikapu mia mbili? Ikiandikwa RMS, unaweza kuamini kidogo. Ikiwa haikuandikwa kitu nyuma, uirudishe juu ya meza ya mwenye duka.

Tena, wati nyingi hazileti kile munafikiri. Ukiongeza wati mara mbili, sikio linasikia tofauti ndogo tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, inaomba wati karibu mara kumi. Ndani ya chumba cha nyumba zetu, mukisikiliza sawasawa na munaongea bado, kinachotoka kwenye spika ni wati moja ao mbili. Kweli kabisa.

Sasa hesabu. Kamateni bic. Pano ya wati 50, hapa kwetu, siku yenye jua la kutosha, itakupa kama masaa manne ya nguvu. Ile ni 200. Tosha kinachopotea njiani, bakisha 140. Taa tatu za wati 3, masaa manne, ni 36. Redio inayokula wati 18, masaa manne, ni 72. Jumla 108. Unapita. Lakini munajua ukungu wa Masereka, kuna siku jua halionekani paka saa nane. Ndiyo maana inaomba batri yenye akiba: ya amperi 40 kwa volti 12 inabeba 480, na ile ya asidi usiikule zaidi ya nusu, yaani 240. Nusu ile ni usiku mbili bila jua. Ukiikula yote kila siku sawa mimi, umeiua. Batri za lithiamu zinavumilia zaidi, lakini bei yake inaomba kupumua mbele ya kuuliza.

Wenye zile taa ndogo za jua ambazo mashirika yalitupatia, nisemeni ukweli: ile haiwezi kulisha muziki, musiifungue. Kwenu ninashauri redio ya mawe, yenye spika inayopita kiganja cha mkono kwa upana. Tena hakuna haya ndani yake.

Wenye batri ya volti 12, musikilize sasa, hapa ndipo feza inaokolewa. Musinunue kitu cha volti 220 kisha mununue konvertisa ya kukilisha. Konvertisa inakula hata kama hakuna muziki, na zile za bei ya chini zinaingiza mulio ndani ya sauti, mmm, sawa nyuki ndani ya kopo. Mununue otoradio. Ndiyo, redio ya gari! Kuko nyingi Butembo, mpya na za okazyo. Inakula volti 12 moja kwa moja, iko na FM, iko na mahali pa flashi, na ampli iko ndani. Wataandika 50 mara 4. Ya kweli ni kama 15 ao 20 kila upande, na nimewaambia tunatumia mbili.

Waya ya manjano na ile nyekundu zinakwenda chanya ya batri, nyeusi inakwenda hasi. Mbele ya yote fyuzi ya amperi 10, na iwe karibu ya batri, si karibu ya redio, sababu nyumba zetu ni za mbao, na waya ikigusana njiani bila fyuzi itawaka moto. Waya za spika zisiguse hasi ya batri hata mara moja. Kila spika iko na waya zake mbili, zile unaacha bure uzifunge na skochi.

Spika ndiyo mahali pa kuweka feza. Kwenye karatasi yake kuna namba ya dB. Spika ya 90 itafanya na wati 1 kile spika ya 84 inaomba wati 4 ili ifanye. Na batri ni yako. Usipopata karatasi, tazama sumaku kwa nyuma. Bafle moja ya wale ndugu wawili iko na sumaku ya ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nunua mbili za gari za sentimita 16, zenye omu 4, zinazofanana.

Masanduku tutengeneze wenyewe, maseremala tuko nao. Mbao zikauke vizuri, unene sentimita 2, ndani ukubwa wa bido ya litri 20 ao chini kidogo. Mahali mbao zinakutana, weka gundi na unga wa randa, hewa isipite. Ndani, kipande cha blanketi ya zamani. Ukimaliza, sukuma karatasi ya spika polepole kwa vidole: ikirudi pole, sanduku imefungwa, ikirudi haraka, tafuta tundu. Besi yote inapotelea kwenye tundu lile.

Na kosa ambalo nimeliona kwa nyumba nyingi zaidi: chanya na hasi zimegeuzwa kwa spika moja. Moja inasukuma, nyingine inavuta, besi inakufa, na mutu anakwenda kununua bafle kubwa zaidi. Kamata jiwe la redio la volti 1.5, uguse waya za spika: karatasi ikitoka nje, pale ulipogusa chanya ndiyo chanya. Andika na bic. Jiwe halifiki dola, na limekwisha kuokolea watu bafle nzima.

Ndani ya nyumba, usiweke bafle chini ya meza. Ziweke kwa urefu wa sikio la mutu aliyekaa, karibu ya ukuta kama besi ni kidogo. Saruji chini na mabati juu vinarudisha sauti, inakuwa sawa kanisa tupu. Mukeka na pazia vinasaidia. Wakati mvua inapiga mabati, zima tu, chunga batri.

Antena: FM inakwenda mustari sawa, mulima ukisimama katikati imekwisha. Toa waya nje, sentimita 75, isimame wima juu ya muti, mbali na regilateri ya pano na konvertisa, juu vile vitu vinafanya kelele ndani ya redio.

Siku ya kwenda kununua, usikubali flashi ya mwenye duka. Ile imechaguliwa. Beba yako, na rumba moja unayoijua kwa moyo. Sikiliza kama unaweza kutenganisha gita ya solo, ya akompanyema na ya besi. Kisha weka kwaya ya parokia: sauti ya wanawake ikikwaruza, acha. Cheza pole kwanza. Kitu kibaya kinajificha ndani ya kelele.

Ukiwa na dola 100 na huna kitu, kama nusu iende kwa batri na pano, hata kama ni ya okazyo iliyopimwa. Kinachobaki, spika mbele ya otoradio. Ukifika na feza haitoshi, nunua spika moja leo, nyingine mwezi ujao. Moja inayoimba vizuri inapita mbili zinazolia.

Kuna rafiki mmoja wa wale wanaotusaidia aliyeuliza, juu ya nini watu waliorudi wanatafuta muziki wakati mabati hayatoshi? Swali lake ni la haki, simukasirikie. Nitamujibu hivi. Radio Okapi iko hewani tangu 2002, na Kiswahili iko ndani; Radio Moto ni ya nyumbani. Wakati wa Ebola, toka 2018 paka 2020, tulisikia kwenye redio wapi ugonjwa umefika na namna ya kuzika bila kuchafuliwa. Shule zilipofungwa 2020, watoto walipata masomo kwenye Okapi. Lakini sitajificha nyuma ya yale tu. Kule tulipokimbilia, tulilala watu kumi na wawili ndani ya chumba cha mutu, na hatukuwa na ruhusa ya kuinua sauti. Jumapili ya kwanza niliyowasha otoradio kwangu, mama watoto aliacha sombe kwenye moto, akaja kusimama mlangoni, hakusema neno. Sombe iliungua. Tuliikula vile.

Mama mmoja anainua mkono. Ndiyo, mama?

(Mama anauliza kama bafle yake yenye mataa, ile ya juu ya meza, inaweza kupona.)

Mama, ampli yake imekwisha kufa, nisikudanganye. Lakini sanduku yake ni ya plastiki ngumu, haina tundu. Tukitia ndani spika moja ya gari, itakuwa bafle yako ya kwanza. Mataa nitayaacha, yanakula kidogo, na wajukuu wanayapenda. Leta otoradio. Na nyinyi wengine, juma lijalo seremala na mimi tutakuwa hapa nyuma ya salle, siku ya posho, toka saa tatu. Mulete mbao zilizokauka. Zenye maji nitazirudisha.