Mchanga wa Mto ni Ghala la Maji Yetu

Hotuba ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata, kuhusu pendekezo la kupiga marufuku uchimbaji wa mchanga wa biashara ndani ya mito ya msimu



Mmezoea kuniona nikija na matangazo: siku za chanjo, tarehe za uandikishaji wa wanafunzi, ratiba za vikao. Leo nimekuja na hoja. Kamati ya Maendeleo ya Kata imeniomba niieleze kwa lugha nyepesi kabla haijapelekwa katika mikutano mikuu ya vijiji, na baadaye mbele ya Baraza la Madiwani. Hoja ni moja: kwamba uchimbaji wa mchanga wa biashara ndani ya mito yetu ya msimu upigwe marufuku kwa sheria ndogo ya Halmashauri. Naiunga mkono hoja hii, na naomba niwaeleze sababu.

Tuanze na mto wenyewe. Mgeni anayepita darajani mwezi wa Septemba huona mchanga mweupe, mkavu, wenye nyayo za mbuzi, akasema kwamba mto umekufa. Mwenyeji hasemi hivyo. Akina mama wa kata hii wanajua kwamba wakifukua kwa subira, maji huanza kuchuruzika taratibu shimoni, nao huyateka kwa kata hadi dumu lijae. Mto haukufa. Umeyaficha maji yake chini ya mchanga ili jua la mkoa wetu wa Dodoma lisiyafikie.

Wataalamu wa maji wanalieleza jambo hili kwa hesabu rahisi. Kati ya punje na punje za mchanga kuna nafasi, na nafasi hizo zikijumlishwa hufikia karibu theluthi moja ya mchanga wote. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya mchanga ulioshiba huwa na takribani lita 300 za maji. Si zote zinazotekeka, kwa kuwa nyingine hunata kwenye punje, lakini sehemu kubwa hutoka. Zaidi ya hayo, maji yaliyo chini sana ya uso wa mchanga hayapotei kwa jua kama yanavyopotea maji ya bwawa lililo wazi, na mchanga wenyewe huyachuja. Hilo ni ghala ambalo hatukulijenga, wala hatulilipii ulinzi.

Sasa tutazame lori moja la tani 10. Mchanga linaobeba ni kama mita 6 za ujazo. Nafasi iliyomo katika mchanga huo ingeweza kuhifadhi takribani lita 1,800, yaani madumu 90 ya lita 20. Lori likiondoka halibebi maji hayo peke yake. Linabeba chombo cha kuyahifadhia. Mwakani mvua ikinyesha, maji yatakayokosa chombo hicho yatapita kwa kasi kwenda zake, na ifikapo Agosti sisi tutabaki kuulizana kwa nini visima vimekauka mapema.

Hasara haiishii kwenye shimo lililochimbwa. Mto una tabia ya kujisawazisha. Ukiushusha mahali pamoja, maji ya mafuriko huanza kula sakafu yake kuelekea juu, na kina hushuka hata mbele ya kijiji ambacho hakikuuza hata karai moja. Kingo hubomoka na kuondoka na mashamba ya bondeni. Nguzo za daraja na misingi ya makalavati hubaki wazi. Maji yaliyo ardhini pembezoni mwa mto nayo hushuka yakiufuata, hivyo kisima cha pampu kilicho karibu na ukingo kinaweza kupungua maji ingawa hakuna aliyekigusa. Mashimo yaliyoachwa wazi hugeuka madimbwi yanayohatarisha watoto na mifugo, na mbu huyapenda.

Najua majibu yanayotolewa, nami sitaki kuyapita kimyakimya, kwa sababu wanaoyatoa ni ndugu zetu.

Jibu la kwanza husema kwamba mto utarudisha mchanga wake mvua zikinyesha. Ni kweli kwamba mafuriko huleta mchanga. Lakini mchanga huo unatoka wapi? Unatoka milimani na katika mashamba yanayomomonyoka. Kuutegemea ni kuomba ndugu zetu walioko juu waharibikiwe ili sisi tupate cha kuuza. Tena mafuriko huja katika miezi michache ya mvua, na mwaka wa mvua haba hayaji kabisa. Lori huja kila siku.

Jibu la pili husema: basi, tuwe na vibali badala ya marufuku. Hili lina busara, na kwa shughuli nyingine ndilo linalofaa. Tatizo ni kwamba hakuna awezaye kusimama usiku kucha katika kila kivuko cha mto kuhesabu tripu. Mchanga ukishapakiwa haubebi jina. Mwenye kibali cha tripu tano na asiye na kibali chochote wanafanana barabarani. Marufuku iliyo wazi ni rahisi kuilinda, kwa maana kila mwananchi anayeona lori ndani ya mto anajua papo hapo kwamba sheria inavunjwa.

Jibu la tatu linaihusu Halmashauri yenyewe, nami sitalificha. Mchanga huleta ushuru, na ushuru huo umo katika makisio ya mapato ya ndani. Wapo watakaosema kwamba mtumishi wa Halmashauri hapaswi kulizungumzia. Mimi naona napaswa. Fedha tunayoipokea leo kwa stakabadhi, kesho tutadaiwa na zaidi, pale tutakapotakiwa kuchimba kisima kirefu, kununua pampu na kukarabati daraja. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ni akiba ambayo tunaitoa ghalani na kuiita mapato.

Wapo pia waliouliza iwapo halmashauri ndogo ya vijijini ina uwezo wa kukataza jambo lenye fedha nyingi na wakubwa nyuma yake. Swali hilo limeshaulizwa mbali na hapa, katika nchi ya Marekani, kuhusu uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba. Katika njia hiyo, maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa chini kwa shinikizo kubwa hadi mwamba upasuke na gesi itoke. Wananchi wa maeneo mengi waliingiwa na hofu juu ya visima vyao, wakazitaka serikali zao za mitaa ziikataze.

Mwaka 2011 halmashauri ya mji mdogo wa Dryden, katika jimbo la New York, ilirekebisha sheria yake ya matumizi ya ardhi ili shughuli hiyo isiruhusiwe mahali popote mjini humo. Kampuni iliyokuwa na mikataba ya ardhi hapo ilikwenda mahakamani. Mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua, majaji 5 kwa 2, kwamba mji ulikuwa na haki. Sheria ya jimbo ilisimamia namna ya kuchimba. Haikuunyang'anya mji uwezo wa kuamua ardhi yake itumikeje.

Mwaka huohuo wa 2014, wananchi wa mji wa Denton katika jimbo la Texas walipiga kura, na wengi wao wakaamua kukataza. Haukupita mwaka kabla bunge la jimbo halijatunga sheria iliyoiondolea miji uwezo huo, na katazo la Denton likafutwa. Miji miwili, nia moja, matokeo mbalimbali. Funzo ninalolichukua ni kwamba nia njema haitoshi. Sheria ndogo husimama imara pale tu inaposimama juu ya uwezo ambao sheria kubwa imeutoa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu mchanga miongoni mwa madini ya ujenzi, na leseni zake ziko chini ya Tume ya Madini. Kwa hiyo sheria ndogo yetu isijifanye kufuta leseni, itaanguka. Isimame juu ya ardhi na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 za kingo za mito shughuli za kudumu za kibinadamu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo hizo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayolinda vyanzo vya maji. Ipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, ambayo chini yake kijiji kinaweza kuutenga mto na kingo zake kuwa eneo la hifadhi ya maji. Huo ndio msingi wetu, na Tume ya Madini pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde zishirikishwe tangu mwanzo, si baada ya ugomvi kuanza.

Hatutakuwa wa kwanza katika ukanda wetu. Kaunti ya Makueni nchini Kenya, yenye ukame kama wetu, ilitunga mwaka 2015 sheria yake ya hifadhi na matumizi ya mchanga. Huko Makueni, na katika kaunti jirani za Machakos na Kitui, wananchi hujenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji. Wenzetu wanatoa jasho kuutafuta mchanga ambao sisi tunaupakia kwa koleo.

Hata hivyo, mkoa wetu una kumbukumbu nyingine inayotutaka tuwe waangalifu. Wazee wanaikumbuka Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu ardhi ilikuwa imechimbika makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,256. Uoto ulirudi, na hilo halina ubishi. Lakini kaya zilipoteza maziwa na samadi, na wengine walilazimika kupeleka ng'ombe wao kwa ndugu walio mbali. Ni baadaye ndipo ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini ulipoingizwa, ili hifadhi na riziki viende pamoja. Katazo lilifanya kazi yake, ila njia mbadala ilichelewa. Sisi tusirudie kuchelewa huko.

Kwa sababu hiyo pendekezo lina sehemu nne, nami naomba zisitenganishwe.

Kwanza, ni marufuku kwa lori, trekta au mtambo wowote kuchukua mchanga ndani ya mto wa msimu na ndani ya mita 60 kutoka kingo zake, na ni marufuku kuuza mchanga uliotoka humo.

Pili, mwananchi anayejenga nyumba yake mwenyewe aruhusiwe kuchota kwa mkokoteni au punda, kwa idhini ya serikali ya kijiji, mahali palipochaguliwa mbali na sehemu za kutekea maji. Hatutaki sheria inayomnyima mnyonge tofali.

Tatu, kabla marufuku haijaanza kutekelezwa, Halmashauri ibainishe maeneo ya mchanga yaliyo nje ya mito, yenye leseni, yatakayofukiwa baada ya matumizi. Vijana wanaoishi kwa kupakia mchanga wapewe nafasi ya kwanza huko, na vikundi vyao visaidiwe kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Vijana hawa si wahalifu. Wanabeba koleo kwa sababu hawajapewa kingine cha kubeba.

Nne, adhabu imguse mwenye lori na mnunuzi kabla ya kumgusa mpakiaji, kwa sababu faida kubwa iko kwao.

Ndugu wananchi, utaratibu unaofuata ni huu. Kila kijiji kitaijadili hoja hii katika mkutano mkuu, na maoni yataandikwa kwenye muhtasari. Vijiji vitakavyoafiki vinaweza kuanza kutunga sheria ndogo zao, ambazo Baraza la Madiwani huziidhinisha. Sheria ndogo ya Halmashauri nayo itatangazwa ili mwenye pingamizi alitoe, kisha itapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwa idhini. Nasisitiza sheria ya wilaya nzima kwa sababu niliyokwisha kuitaja: mto haujui mipaka ya vijiji, na kijiji kimoja kikikataza huku jirani kikiuza, vyote viwili vitakauka.

Ombi langu ni kwamba mje. Waje akina mama wanaofukua mchanga alfajiri, kwa kuwa hakuna anayeujua mto huu kuwashinda. Waje pia vijana wa koleo na wenye malori. Anayepinga apinge hadharani, ajibiwe hadharani. Na Waheshimiwa Madiwani, mtakapoketi kulipigia kura jambo hili, ulizeni kila lori linaloondoka mtoni limechukua madumu mangapi ya mwezi wa Oktoba.